Kunyanyua Uzito kutoka Sakafuni bila Baa: Mwongozo kwa Wafanya Mazoezi wa Bujumbura

Dedilifti ni zoezi la kuinua mzigo uliotulia sakafuni hadi mwili usimame wima, kisha kuurudisha chini kwa utaratibu uleule. Kwa kawaida hufanywa kwa baa, yaani fimbo ndefu ya chuma inayovishwa visahani vya uzito pande zote mbili, ambayo katika mashindano ya wanaume huwa na kilo 20 kabla ya kuvishwa chochote. Ukumbi mdogo wa mazoezi katika mitaa kama Buyenzi au Bwiza unaweza kuwa na dambeli chache na mashine moja ya kuvuta kamba, lakini usiwe na baa. Upungufu huo si sababu ya kuliacha zoezi hili, kwa kuwa msingi wake ni namna nyonga inavyokunjwa na kunyooshwa chini ya mzigo, na nyonga haichagui chombo.

Misuli inayobeba kazi kubwa hapa ni ya makalio na ya nyuma ya mapaja, ikisaidiwa na misuli mirefu inayopita kandokando ya uti wa mgongo, ambayo wajibu wake ni kuuzuia mgongo usipinde. Faida yake inaeleweka upesi katika nchi ya wakimbiaji, nchi iliyopata medali ya dhahabu kwa Vénuste Niyongabo katika mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, na ya fedha kwa Francine Niyonsaba katika mita 800 huko Rio mwaka 2016. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayoupunguzia mguu kasi kabla haujakanyaga ardhi, na ndiyo inayochanika mara nyingi wakati wa mbio za kasi. Kwa hiyo anayepanda vilima vya Bujumbura kwa kukimbia mwishoni mwa juma ana haja ya kuiimarisha kama alivyo na haja ya pumzi.

Kabla ya kushika uzito wowote, mfanya mazoezi anapaswa kujifunza mkunjo wa nyonga. Husimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa nyonga, hulegeza magoti kidogo, kisha husukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono yake ikiwa imejaa mizigo. Mgongo hubaki umenyooka tangu kiunoni hadi shingoni, na kifua huinama kwa sababu nyonga imerudi nyuma, wala si kwa sababu mgongo umejikunja. Fimbo ya ufagio ikiwekwa mgongoni iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa juu ya makalio. Ikiacha kugusa sehemu mojawapo, mkunjo umeharibika na hurudiwa upya. Wakati wa kunyanyua, pumzi huvutwa na tumbo hukazwa kabla mzigo haujaondoka chini, nyayo husukuma sakafu, na mzigo hupanda karibu kabisa na miguu, kwa maana kila sentimita unayosogea mbele huongeza mkazo kiunoni.

Tofauti kubwa kati ya baa na vyombo vingine ni kimo cha mahali pa kushika. Baa yenye visahani vya kawaida vya mashindano, ambavyo kipenyo chake ni sentimita 45, hukaa sentimita 22.5 juu ya sakafu, ilhali mshiko wa dambeli uko chini zaidi na humlazimisha mtu kuinama kupita kiasi. Dawa yake ni kuziweka dambeli juu ya matofali au vibao imara, au kuzishusha hadi katikati ya muundi tu na kupanda tena. Ketibeli, ambayo ni tufe la chuma lenye mpini juu, humfaa anayeanza, kwa kuwa mpini huo uko karibu na kimo cha baa na uzito wake hukaa katikati ya miguu.

Pasipo dambeli wala ketibeli, bidoni la lita 20 linatosha. Likijazwa maji huwa na kilo 20, ukiacha uzito wa plastiki yake, na mawili yakishikwa kila moja kwa mkono wake hutoa kilo 40. Yajazwe hadi juu, kwa kuwa maji yaliyofika nusu huyumba na kumvuta mnyanyuaji upande. Mfuko wa saruji wa kilo 50 usichukuliwe kuwa mzigo wa kuanzia: Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo unaobebwa kwa mikono na mfanyakazi mwanamume mtu mzima upunguzwe hadi kilo 55 pale unapozidi kiwango hicho, na mfuko wa saruji haupungukiwi na mengi.

Uzito uliopo ukiwa mwepesi, ugumu huongezwa kwa njia nyingine. Ya kwanza ni kunyanyua kwa mguu mmoja huku mwingine ukinyooshwa nyuma, jambo linalouachia mguu ulio chini karibu kazi yote. Ya pili ni kushusha mzigo polepole kwa sekunde 4, na ya tatu ni kukanyaga mkanda wa mpira ulioshikwa pamoja na mzigo, ili uzito uongezeke kadiri mwili unavyonyooka.

Siku mbili kwa juma, zisizofuatana, zinamtosha anayeanza, kwa seti 3 zenye marudio 8 hadi 12, asubuhi kabla joto la kando ya ziwa halijapanda. Anayemaliza marudio 12 katika seti zote bila mgongo kupinda huongeza mzigo au huhamia mguu mmoja. Anayehisi maumivu makali kiunoni, au ganzi inayoshuka mguuni, huacha mara moja na kumwona daktari. Mtu akifuata utaratibu huu kwa miezi michache hujenga nguvu anayoitumia kila anapoinua bidoni la maji nyumbani, na hana sababu ya kuisubiri baa ndipo aanze.