SOMO: BOILA JIPYA KATIKA MABOMBA YA ZAMANI



Wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda hatukukua na rejeta ukutani. Leo wapo kati yetu wanaozipandisha na kuzishusha ngazi hapa Uingereza, wakiwa mafundi bomba au wasaidizi wao. Kazi moja hutukuta mara kwa mara: kuondoa boila kuukuu la chuma na kuweka la kisasa, huku mabomba na rejeta za zamani zikibaki. Msimamizi husema ni kazi ya siku moja. Somo hili linaeleza kwa nini sivyo, ili tumjibu kwa hoja, si kwa manung'uniko.

1. Mfumo wa zamani

Katika nyumba nyingi za zamani maji yalizunguka bila pampu. Maji ya moto ni mepesi, hupanda. Yakipoa ndani ya rejeta huwa mazito, hushuka na kurudi kwenye boila. Nguvu hiyo ni ndogo sana. Lita moja ya maji ya nyuzi 80 ina uzito wa gramu 972 hivi. Ya nyuzi 60, gramu 983. Tofauti ya gramu 11 kwa lita ndiyo iliyosukuma maji ya nyumba nzima. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani waliweka mabomba manene. Tena, kwa kuwa maji ya moto hukimbilia ghorofa ya juu, baadhi yao walibana njia za rejeta za juu kwa bomba jembamba au kwa kisahani chenye tundu dogo.

2. Boila jipya

Gesi ikiungua hutoa mvuke. Meta moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa mvuke wa kutosha lita moja na nusu ya maji. Boila la zamani liliutupa nje pamoja na joto lake. Boila jipya huupoza mpaka ugeuke matone, na joto lile hulirudisha katika maji ya rejeta. Tangu mwaka 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zimetaka maboila mapya ya gesi ya majumbani yawe ya aina hii, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Lakini mvuke haugeuki matone ikiwa maji yanayorudi kwenye boila yamezidi nyuzi 55 hivi. Hapa rejeta kubwa za zamani ni mali, tusizidharau: kwa ukubwa wake zaweza kupasha chumba kwa maji yasiyo moto sana. Shida iko kwingine. Njia za maji ndani ya boila jipya ni nyembamba. Pampu ni lazima, na uchafu ni adui.

3. Hatua za kazi

(a) Kusafisha. Ndani ya rejeta kuukuu mna matope meusi ya kutu. Suuza mfumo wote mpaka maji yatoke safi. Weka chujio lenye sumaku kwenye bomba la kurudi, kisha tia dawa ya kuzuia kutu.

(b) Kutenganisha mizunguko. Boila liwe na mzunguko wake na pampu yake. Rejeta nazo vivyo hivyo. Mizunguko hiyo ikutane kwenye bomba pana, au kwenye tii mbili zilizokaribiana, nafasi kati yake isizidi mara 4 ya upana wa bomba. Hivyo kila upande hupata maji yake bila kuuvuruga mwingine.

(c) Nafasi ya maji kutanuka. Mabomba manene yana maji mengi. Lita 400 zikipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 huongezeka kwa lita 11 na nusu hivi. Tangi dogo lililomo ndani ya boila halitoshi, ongeza jingine. Na kama mfumo ulikuwa wazi, wenye tangi darini, pima kwanza kama maungio ya zamani yatastahimili shinikizo.

(d) Kusawazisha. Pampu hubadili mambo. Rejeta za karibu hupata maji mengi, na zile za juu zilizobanwa hubaki baridi. Tafuta visahani vile uvitoe, weka vali, kisha pima kila rejeta kwa kipimajoto.

(e) Maji ya matone. Yana asidi. Yapite katika bomba la plastiki, si la shaba. Desemba 2010 baridi kali ilipopiga Uingereza, maboila mengi yalizima kwa kuwa bomba hilo lilipita nje likaganda.

4. Usalama wetu

Mabomba ya zamani huenda yamefungwa kwa asibesto. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, lakini iliyokwisha kuwekwa bado imo majumbani. Vumbi lake huleta saratani miaka mingi baadaye. Ukitilia shaka, simama. Usikwangue, usifagie. Kuiondoa kwenye mabomba kwa kawaida ni kazi ya kampuni yenye leseni, na kanuni za mwaka 2012 zinamtaka mwajiri awafundishe wafanyakazi wanaoweza kukutana nayo.

Gesi nayo iguswe na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register tu. Msaidizi akiambiwa aunganishe "kwa haraka tu", akatae. Gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Ndugu, hatua ya (a) na ya (d) ndizo zinazorukwa siku inapokuwa fupi. Boila likiharibika, anayelaumiwa ni fundi, si aliyepanga siku moja. Basi tudai muda kabla ya kazi kuanza, tena tudai pamoja.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kwa nini rejeta ya juu hupoa baada ya pampu kuwekwa?
2. Katika kazi yenu ya mwisho, ni hatua ipi iliyorukwa, na nani aliamua?
3. Msaidizi mgeni afanye nini akiona mabomba yaliyofungwa kwa kitu asichokijua?