Mpira hautulii katikati baada ya rangi mpya

SWALI: Tangu Cessna 172 yetu ipakwe rangi upya, kijimpira cha kipimo cha mgeuko kinakaa kulia, nami nakanyaga pedali ya kulia safari nzima. Ni rangi?

JIBU: Rangi yenyewe si mshukiwa wa kwanza. Kagua kile kibati kidogo kilicho ukingoni mwa usukani wa mkiani. Wapaka rangi hukisugua, hukiegemea, na wengine hukinyoosha wakidhani kimepinda kwa bahati mbaya! Lakini kwanza fundi aisawazishe ndege ardhini aone kama kipimo chenyewe hakijakaa upande, kisha alinganishe nyaya za usukani na kitabu cha matengenezo. Vikiwa sawa, akipinde kibati kidogo kuelekea kushoto. Hewa itausukuma usukani kulia. Mpime kwa mwendo wa kawaida wa safari, kwani wakati wa kupaa mguu wa kulia utahitajika tu.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine: je, usukani ulipimwa mizani baada ya kupakwa? Uzito wa rangi nyuma ya bawaba unaweza kuleta mtetemo wa kuvunja mkia. Kama daftari la ndege halionyeshi kipimo hicho, msiruke.