Jukwaani na Studioni: Nyimbo za Roki na Suala la Matini katika Fasihi Simulizi

Utangulizi

Ni jambo la kawaida katika somo la fasihi simulizi kusisitiza kwamba kazi simulizi huishi katika utendaji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa kuwa fanani, hadhira na muktadha ni viambajengo ambavyo bila hivyo hakuna wimbo wala ngano. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo anapofika wakati wa kuandika tasnifu, aghalabu huchukua wimbo mmoja uliorekodiwa mara moja, akaunukuu karatasini, akahesabu mizani na kuorodhesha tamathali zake, kisha akaushughulikia kana kwamba haukupata kuimbwa kwa namna nyingine. Swali la ni wimbo upi huo, ulioimbwa lini na mbele ya nani, huachwa kando.

Makala haya yanalitazama swali hilo kupitia uwanja ambao wanafunzi wa Kiswahili hawauzuru sana, yaani muziki wa roki wa Uingereza na Marekani wa miaka ya 1960 hadi 1980. Sababu ya uteuzi huo ni nyepesi. Nyimbo nyingi za roki zina matini mbili zinazoweza kusikilizwa tena na tena na kulinganishwa: ile iliyotengenezwa studioni na ile iliyonaswa jukwaani. Ni nadra mtafiti wa nyimbo za jando au za mavuno kupata bahati kama hiyo. Isitoshe, mmoja wa mafanani wakuu wa uwanja huu, Freddie Mercury wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, ingawa ingekuwa kujikweza bure kudai kwamba muziki wake ni tunda la pwani yetu.

Matini ni ipi?

Katika kitabu chake The Singer of Tales (1960), Albert Lord alieleza, kutokana na utafiti alioufanya pamoja na Milman Parry miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, kwamba kwa fanani simulizi kila utendaji ni asilia. Hakuna matini mama ambayo nyingine zote ni nakala zake zilizopotoka. Mtazamo huu umeathiri sana ufundishaji wa fasihi simulizi, hapa kwetu na kwingineko.

Kinyume chake, mwanafalsafa Theodore Gracyk anashikilia katika Rhythm and Noise (1996) kwamba katika roki kazi yenyewe hasa ni rekodi. Kwake, wimbo wa roki si maneno na mahadhi yanayosubiri kutendwa, bali ni sauti mahususi zilizopangwa katika kanda. Philip Auslander naye, katika Liveness (1999), anatutahadharisha kwamba hata dhana ya utendaji wa moja kwa moja haikuwa na maana kabla ya kuwapo kwa rekodi. Kabla ya santuri, kuimba kulikuwa kuimba tu.

Ipo mifano inayomuunga mkono Gracyk. The Beatles waliacha ziara za maonyesho baada ya kuimba San Francisco tarehe 29 Agosti 1966. Mwaka uliotangulia, katika uwanja wa Shea, New York, walikuwa wameimba mbele ya watu wapatao 55,000 ambao mayowe yao yaliwazuia wanamuziki kujisikia wenyewe. Hadhira ilikuwapo, tena kwa wingi wa kutisha, lakini mawasiliano baina yake na fanani yalikuwa yamekufa. Kundi hilo likahamia studioni na kutunga kazi ambazo hazikukusudiwa jukwaa kabisa. "Tomorrow Never Knows" (1966), kwa mfano, umejengwa kwa vipande vya kanda vinavyozungushwa bila kikomo, na The Beatles hawakuwahi kuuimba mbele ya hadhira. Kuutafutia wimbo huo "utendaji asilia" ni kutafuta kisichokuwapo.

Queen: wimbo unapobadilisha mwenyewe

Mfano wa Queen una utata mkubwa zaidi, na ndio unaostahili kutuliwa. Katika albamu moja ya mwaka 1975, A Night at the Opera, zimo nyimbo mbili zilizoelekea pande tofauti kabisa.

Wa kwanza ni "Bohemian Rhapsody", wenye urefu wa takriban dakika sita. Sehemu yake ya kati, inayoiga opera, ilitengenezwa kwa kurekodi sauti za watu watatu mara nyingi, moja juu ya nyingine, hadi zikasikika kama kwaya kubwa. Watu wanne jukwaani hawangeweza kuitoa kwaya hiyo. Suluhisho walilolizoea ni kutoka jukwaani, taa zikabaki, kanda ya studio ikachezwa, kisha wakarudi kwa kishindo kumalizia sehemu ya roki. Hapa utendaji ulipiga magoti mbele ya rekodi waziwazi, bila kujaribu kuficha. Mhakiki mkali anaweza kuiita hila. Lakini inafaa kuuliza kama kulikuwa na uaminifu zaidi katika kuificha mitambo nyuma ya pazia na kujifanya kuimba.

Wa pili ni "Love of My Life". Studioni, wimbo huu ni wa piano na kinubi, umefumwa kwa uangalifu, na sauti ya mwimbaji imezungukwa na sauti nyingine zake mwenyewe. Jukwaani ulivuliwa mapambo yote ukabaki na gita moja la nyuzi 12 la Brian May na sauti ya Mercury. Pengo lililoachwa likajazwa na hadhira. Katika albamu ya Live Killers (1979) watu wanasikika wakiimba beti, na katika tamasha la Rock in Rio la Januari 1985 umati wa Wabrazili, wazungumzaji wa Kireno, uliuimba kwa Kiingereza huku Mercury akiuongoza. Toleo la jukwaani lilitolewa kama santuri ndogo mwaka 1979. Je, lipi kati ya mawili haya ni "Love of My Life"? Anayesema la studio kwa kuwa lilitangulia anatumia kigezo cha wakati peke yake. Anayesema la jukwaani itabidi aeleze hadhira ile iliyajulia wapi maneno, kwa maana iliyajifunza kwenye santuri.

Nukta hii ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, Queen walipewa takriban dakika 20. Walianza na sehemu ya mwanzo tu ya "Bohemian Rhapsody", wakaikata kabla ya opera, wakaingia "Radio Ga Ga". Watu wapatao 72,000 wakapiga makofi kwa mpigo mmoja mikono ikiwa juu. Hakuna aliyewafundisha siku hiyo. Walikuwa wameyaona makofi hayo katika filamu ya video ya wimbo huo ya mwaka 1984. Hadhira ilikuwa ikitenda matini ya rekodi, nayo rekodi ikapata kwao uhai ambao studio, pamoja na mashine yake ya midundo, haikuwa nao. Punde baadaye Mercury aliuacha wimbo kabisa, akawatolea umati vipande vya sauti visivyo na maneno, nao wakamrudishia kimoja baada ya kingine, kila kimoja kigumu kuliko kilichotangulia. Mwanafunzi yeyote aliyeshuhudia kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake ataitambua mbinu hiyo papo hapo.

Upo pia wimbo ambao hadhira iliuzaa. Brian May amesimulia kwamba katika onyesho la mwaka 1977 huko Stafford, Uingereza, watazamaji waliendelea kuwaimbia wanamuziki hata baada ya onyesho kwisha. Kutokana na hilo alitunga "We Will Rock You", wimbo wa vishindo vya miguu na makofi ambao karibu wote hauna ala, gita likiingia mwishoni. Wanamuziki walikanyaga mbao studioni, vishindo hivyo vikazidishwa kwa mitambo ili wachache wasikike kama umati. Studio iliiga hadhira. Kisha hadhira halisi ikaiga studio katika viwanja duniani kote.

Kurefusha, kuitikia, kuazima

Mifano mingine inaweza kupitiwa kwa haraka. "My Generation" wa The Who ni wimbo wa dakika tatu na ushei katika rekodi ya 1965. Katika Live at Leeds, iliyonaswa katika bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970, unafikia zaidi ya dakika 14, ukichopekwa vipande vya kazi yao nyingine, Tommy. Hivi ndivyo Lord alivyomweleza mwimbaji wa tendi: hakariri, bali anajenga kwa vifaa alivyo navyo, kwa kadiri ya usiku ulivyo.

Kundi la Marekani la Cheap Trick lilitoa "I Want You to Want Me" mwaka 1977 bila mafanikio nchini mwao. Mwaka 1978 likauimba katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, kwa kasi zaidi, na vijana wa Kijapani wakawa wakirudisha mwangwi wa neno la mwisho la mshororo mmoja. Rekodi hiyo ilipanda hadi nafasi ya saba Marekani mwaka 1979. Mwitiko ule sasa ni sehemu ya wimbo. Anayeunukuu bila mwitiko amenukuu nusu.

Bob Dylan naye alirekodi "All Along the Watchtower" mwaka 1967 kwa gita la kawaida na kinanda cha mdomo. Jimi Hendrix aliurekodi upya mwaka uliofuata kwa gita la umeme. Dylan alipouimba jukwaani mwaka 1974 akiwa na The Band, mtunzi alimfuata mwazimaji. Umiliki wa wimbo hapa unafanana zaidi na wa ngano kuliko wa riwaya.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa cha jukwaani ni cha jukwaani. Kuhusu Live and Dangerous (1978) ya Thin Lizzy, mtayarishaji Tony Visconti alidai kwamba sehemu kubwa ilirekodiwa upya studioni, dai ambalo baadhi ya waliohusika walilikana. Msikilizaji hana njia ya kuamua kwa masikio yake.

Kinasasauti cha mtafiti

Hapo ndipo suala hili linapomgusa mwanafunzi wa Kiswahili. Bibi anayeitwa kando ya uwanja, mchana, bila ngoma, bila wari wala wenzake wa kuitikia, akaombwa aimbe wimbo wa unyago mbele ya kinasasauti, yumo studioni. Atafupisha. Ataruka maneno yasiyomfaa mgeni. Atasubiri mwitiko usiokuja, kisha aendelee. Matini itakayopatikana si ya uongo, kama vile "Love of My Life" wa kinubi na piano usivyo wa uongo, lakini ni tendo la aina yake na linapaswa kuchambuliwa hivyo. Kuiandika katika tasnifu kama "wimbo wa unyago" bila kutaja mazingira hayo ni kuficha mitambo nyuma ya pazia. Walau mahali, saa, waliokuwapo na waliokosekana vinapaswa kuandikwa kando ya beti, na inapowezekana wimbo huo huo urekodiwe tena siku ya sherehe, kwa idhini ya wenyewe.

Kuna hali moja ambayo nadharia zilizotajwa juu hazikuiwazia sana. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Katika ziara za miaka ya karibuni, Brian May huketi peke yake na gita lake, akaanza "Love of My Life", na umati ukauimba. Kuelekea mwisho, picha za zamani za Mercury hutokea kwenye skrini kubwa, naye akamalizia ubeti pamoja nao. Hadhira ni hai, mpiga gita ni hai, na mwimbaji ni kanda.