Siku Moja Katika Kihamba

Mlima Kilimanjaro una theluji kileleni, na msitu chini ya theluji. Na chini ya msitu ndipo wakaapo watu. Katika sehemu hiyo, kati ya meta 900 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, Wachagga wamelima kwa karne nyingi. Shamba lizungukalo nyumba ya mtu huitwa kihamba. Kihamba si kikubwa. Vingi havizidi eka mbili. Lakini mtu akikitazama vizuri ataona kwamba chakula, maziwa, kuni na fedha hutoka humo.

Siku moja mwalimu wa darasa la sita aliwapeleka wanafunzi wake kutazama kihamba cha mzee mmoja aliyekaa karibu na shule. Walifika asubuhi, umande haujakauka. Wakasimama penye ua wa masale, wakabisha hodi.

"Karibuni, wajukuu zangu," akaitikia mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Piteni, lakini msiyakanyage maharage yangu."

Wakaingia. Ndani mlikuwa na kivuli na ubaridi kama msituni. Mzee akawaambia watazame juu kwanza, kisha wateremshe macho polepole.

"Kihamba ni kama nyumba ya orofa," akasema. "Juu kabisa ni miti mirefu: mruka na mringaringa. Hiyo hulipunguza jua kali na kuivunja nguvu ya mvua. Chini yake ni migomba. Chini ya migomba ni mibuni. Na chini kabisa, karibu na ardhi, ni magimbi, maharage na mboga. Tazameni na ule mti pale: viazi vikuu vimeupanda kama ngazi. Kila mmoja ana orofa yake, wala hakuna amnyimaye mwenzake mahali."

Mwalimu akaongeza neno. Akawaeleza kwamba mbuni haukuwapo mlimani hapo kale. Wamisionari waliuleta mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga hawakuing'oa migomba yao kwa ajili ya mgeni huyo, bali walimpanda chini ya kivuli chake. Hivyo wakapata fedha bila kupoteza chakula.

Kisha mzee akawapeleka kwenye banda. Humo mlikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na mbuzi wawili. Hawakutolewa kwenda malishoni. Chakula chao kililetwa bandani, nacho kilikuwa majani yaliyokatwa na vipande vya mgomba.

"Je, babu, kwa nini huwaachi wakajilishe wenyewe?" akauliza msichana mmoja.

"Kwa sababu mbili, mjukuu wangu. Kwanza, wangekula maharage na mibuni. Pili, ng'ombe atembeaye huacha samadi yake njiani, na mimi naitaka yote hapa. Ng'ombe hula mgomba, na mgomba hula samadi ya ng'ombe. Wawili hawa wanadaiana tangu siku za babu zangu, wala hakuna aliyekataa kulipa."

Wanafunzi wakacheka. Mzee akawaonyesha shimo la samadi lililofunikwa kwa majani ya migomba. Akawaeleza kwamba samadi mbichi haifai kutiwa penye shina, kwa kuwa ina joto liwezalo kuunguza mizizi, tena ina mbegu za magugu. Huachwa kwanza ioze mpaka iwe nyeusi na laini, isiyo na harufu kali.

Mvulana mmoja alikuwa amenyamaza muda wote. Sasa akainua mkono, akasema, "Babu, miti hii mirefu ina mbao nyingi. Mtu akiikata akaiuza, akapanda mahindi mahali pake, je, hatapata zaidi?"

Mzee hakujibu upesi. Akawaongoza mpaka mpaka wa chini wa kihamba chake. Ng'ambo ya masale palikuwa na kihamba kingine, nacho hakikuwa na miti ila visiki. Mahindi yalikuwa membamba na ya manjano, na mfereji ulikuwa umechimbika katikati ya shamba, wenye kina cha kufika magotini.

Mwalimu akawatuma wavulana wawili wachote maji katika mfongo, ule mfereji uletao maji mashambani kutoka mtoni. Wakaleta makopo mawili yaliyojaa sawasawa. Kopo la kwanza likamwagwa katika kihamba cha mzee, juu ya majani makavu. Maji yakanywewa palepale. Kopo la pili likamwagwa ng'ambo, juu ya udongo mtupu. Maji yakateremka mbio, yakawa mekundu, yakaingia katika mfereji.

"Wekundu ule ni nini?" akauliza mwalimu.

"Ni udongo," wakajibu wote.

"Na udongo wa juu ndio wenye chakula cha mimea. Majani yaanguayo huoza yakaulisha. Mizizi ya miti huushika usiteleze. Maharage nayo, na hata mruka, huchukua naitrojeni katika hewa na kuiweka mizizini kwa msaada wa vijidudu vidogo sana. Ukiondoa miti, majani na mizizi, umeondoa akiba na mlinzi wa akiba."

Yule mvulana akainamisha kichwa. Machozi yakamlengalenga. Akasema kwa sauti ndogo, "Kile ni kihamba chetu. Kaka yangu aliiuza miti miaka mitatu iliyopita, mama alipolazwa hospitali."

Wanafunzi wakanyamaza kimya. Mzee akamwekea mkono begani.

"Najua, mwanangu. Nilikuwapo mbao zilipochukuliwa. Kaka yako hakufanya vibaya. Mama yako yu hai leo, na mti hauwi bora kuliko mama. Lakini kazi yake haijaisha. Aliyekata kwa shida hana budi kupanda shida ikiisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Basi akatwaa jembe, akang'oa machipukizi matatu ya mgomba wa mshare. Hakuyatoa hivi hivi. Kwa kisu aliparuza mizizi na ganda la nje la tunguu mpaka likawa jeupe. Akawaambia wanafunzi kwamba fukusi wa migomba hutaga mayai penye shina, na mabuu yake hutoboa tunguu ndani kwa ndani mpaka mgomba uanguke. Mtu asipoparuza, humpa jirani yake mgomba pamoja na mwizi wake.

"Chimba mashimo kuufuata mkingamo wa mteremko," akamwambia mvulana, "wala usiyapange kutoka juu kwenda chini. Tia samadi iliyooza. Njoo uichukue kwangu. Penye mfereji weka mawe na magogo ya migomba, maji yapunguze mwendo. Nami nitakupa miche ya mringaringa mvua ikianza."

Jioni ile mvulana alimweleza kaka yake yote. Kaka alisikiliza, kisha akasema, "Miti huchukua miaka mingi." Mama yao akajibu, "Na miaka itapita, tukipanda au tusipopanda." Kesho yake wote watatu wakashika majembe.

Masika yaliyofuata bado yaliteremsha udongo, lakini si kama zamani. Mfereji ulianza kujaa nyuma ya mawe, na migomba mitatu ilikuwa imetoa majani mapya. Kivuli kilikuwa bado kidogo, kikimtosha kuku mmoja na vifaranga vyake.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliyatia mashamba ya kihamba ya Shimbwe Juu, mkoani Kilimanjaro, katika orodha ya urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Lakini urithi haulindwi kwa kuandikwa katika orodha. Hulindwa na mtu mwenye jembe, samadi na subira.

Maswali

1. Taja orofa nne za kihamba, na faida ya kila moja.
2. Mzee alisema ng'ombe na mgomba wanadaiana. Eleza maana yake.
3. Kwa nini maji ya kopo la pili yalikuwa mekundu?
4. Kwa nini mzee aliparuza machipukizi kabla ya kumpa mvulana?
5. Je, kaka alikosa alipoiuza miti? Toa sababu zako.
6. Kazi ya mikono: mwaga maji mahali penye majani na mahali patupu karibu na nyumbani kwenu, kisha andika uliyoyaona.