Bibi Aliyeketi Darasani

Katika nchi ya Wanandi, huko Kenya, aliishi bibi mmoja, jina lake Priscilla Sitienei. Watu walimwita Gogo, maana yake nyanya. Utotoni hakupata kusoma. Alikuwa mkunga kwa miaka zaidi ya 60, tena alizijua dawa za miti. Lakini maarifa hayo yote yalikaa kichwani mwake, kwa kuwa hakujua kuandika. Naye alitamani sana kuwaachia wajukuu.

Basi, alipokaribia miaka 90, alikwenda shuleni kijijini Ndalat kuomba nafasi. Kwanza alikataliwa, kisha akapokewa. Akavaa sare, akaketi pamoja na vilembwe wake. Baadhi ya wenzake darasani aliwapokea yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa kwao!

Alifariki Novemba 2022, umri wake miaka 99. Siku tatu tu kabla yake alikuwa angali akihudhuria masomo.

Watoto, ninyi mmepewa kalamu mapema. Nyumbani kwenu yuko bibi ajuaye mengi yasiyoandikwa. Mwulizeni kwa adabu, mkayaandike, angali hai.

Maswali
1. Kwa nini Gogo alitaka kujua kuandika?
2. Bibi yako anajua nini usichokijua wewe?