Programu Huria: Vidokezo 6 vya Kubana Matumizi, Kuanzia Ngara hadi Biharamulo

Kompyuta imezeeka, bando ni la kuungaunga na umeme una mambo yake? Usikate tamaa! Programu huria unaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na hata kuzirekebisha, na nyingi hazikugharimu hata senti.

1. Achana na krak
Ile Office ya wizi uliyowekewa kwenye flashi huenda imekuja na virusi wake. Weka LibreOffice: barua, mitihani, hesabu za duka, vyote vinakwenda. Ukihifadhi, chagua .docx ili mwenye steshenari afungue bila kukuna kichwa. Na wala si mambo ya wageni tu: mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ya ukoo mmoja na LibreOffice, kwa Kiswahili kitupu.

2. Mfufue mzee
Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Je, kompyuta yako ndiyo basi tena? Thubutu! Jaribu Linux nyepesi kama Lubuntu. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi, uionje bila kufuta kitu. Ukiipenda, hamisha mafaili yako pembeni ndipo uisakinishe.

3. Apakue mmoja, wafaidi wengi
Kwa nini walimu kumi wachome bando kumi? Mmoja apakue akifika penye mtandao mzuri, wengine wanakili kwa flashi. Leseni inaruhusu, kwa hiyo gawa bila wasiwasi.

4. Maktaba mfukoni
Kiwix hukuwezesha kusoma Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo, bila intaneti. Pakua mara moja, weka kwenye kompyuta ya shule, kisha mtandao ukatike utakavyo. Wanafunzi wanaendelea kusoma.

5. Bodaboda, hii yako
Organic Maps hutumia ramani za OpenStreetMap na hufanya kazi hata pasipo na mtandao. Pakua ramani ukiwa Ngara mjini, kisha kamata njia ya Rulenge. Zahanati ya kijijini kwenu haimo? Iongeze mwenyewe, ramani hii huchorwa na watu kama wewe.

6. Geuza ujuzi kuwa ajira
Takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kutoka vituo vya afya nchini Tanzania huingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kwa utafiti wa mashinani kuna KoboToolbox: unajaza fomu kwenye simu bila mtandao, unazituma baadaye. Kijana, tengeneza fomu yako ya majaribio leo, kisha uitaje kwenye barua ya kuomba kazi.

Usibebe vyote sita kwa mpigo. Chagua kimoja wiki hii, kijaribu, kisha mfundishe jirani. Fedha ya leseni? Hiyo ni ada ya mtoto!