Tundu Litobolewe Wapi? Somo Dogo la Tanki la Samaki

Safari hii ukurasa wa ufundi nimepewa mimi. Kila anayetutembelea Al Khoudh hulikodolea macho tanki letu la samaki, kisha huuliza zulia limepatwa na nini. Basi leo najibu yote mawili.

Tanki la aina hii lina mwenzake chini, kabatini, lenye chujio na pampu. Pampu hupandisha maji juu, nayo yanayozidi humwagikia kwenye kisanduku kilichogandishwa ndani ya kioo cha nyuma. Ukingo wa kisanduku una meno kama kitana ili samaki wasipite. Toka hapo maji hupita kwenye tundu la kioo na kushuka kwa bomba. Ni hivyo tu, na hakuna shida mpaka umeme ukatike.

Tanki letu lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Nilitoboa matundu mawili kwenye kona, la kushushia maji na la kuyarudisha, yote sentimita 10 chini ya usawa wa maji. Kwa nini usawa mmoja? Yalipendeza macho, sina sababu nyingine. Kwenye bomba la kurudishia nikaweka vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma, nikajiona injinia kweli.

Septemba 5, 2022, mchana, umeme ukakatika Muscat na mikoa mingine kadhaa. Mimi niko chuoni. Kumbe konokono mdogo alikuwa amekwama kwenye ile vali! Bomba la kurudishia likawa linanyonya maji kwenda chini, na halikuacha mpaka mdomo wake ulipopata hewa.

Pigeni hesabu nami. Kila sentimita ya kimo ni 120 × 50 × 1, yaani lita 6. Sentimita 10 ni lita 60. Tanki la chini, 60 kwa 40 na kimo 40, lilikuwa nusu, kwa hiyo nafasi ilikuwa lita 48. Zile 12 zililowesha zulia na boksi la mwenzangu, Mganda mpole wa uzamivu, lenye rasimu ya sura ya tatu na masahihisho ya msimamizi wake, ya mkono, kwa wino. Hakunisemesha siku mbili. Samaki, jamaa zangu wa Ziwa Tanganyika, hawakuwa na habari.

Nilikwenda Seeb kununua kioo kipya. Fundi, mzee aliyekulia Unguja, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, we umeanza na tundu. Maji unataka yasimame wapi?"

Nikaona aibu, maana swali hilo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Pampu ikizimika, maji ya juu hushuka mpaka kwenye ukingo, chini ya meno, yakasimama. Kwa hiyo ukingo nikaupanga kwanza: sentimita 5 kutoka juu ya kioo.

Pili, urefu wa ukingo. Wenzangu wa haidroliki wanaijua kanuni, Q = 1.84 L H^1.5, kwa mita na sekunde. Kwa lita 2,000 kwa saa, kisanduku cha kona chenye ukingo wa sentimita 10 hubeba maji ya unene wa milimita 21 juu yake, yaani lita 12 na nusu zinazosubiri kushuka. Kisanduku cha sentimita 40 katikati ya kioo, meno yakila nusu ya nafasi, hubeba milimita 13, chini kidogo ya lita 8. Kirefu hushinda, tena huvuta uchafu mwingi zaidi wa juu ya maji.

Tundu likaja la mwisho. Wengi hudhani ndilo linalopanga kimo cha maji, lakini penye kisanduku kazi hiyo ni ya ukingo. Tundu langu ni la milimita 45. Kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo wa kioo acha angalau upana wa tundu lenyewe, la sivyo kioo hupasuka. Nikaweka kitovu chake sentimita 9 kutoka juu. Sikulishusha zaidi, maana silikoni ya kisanduku ikiachia siku moja, tanki litamwagika mpaka usawa wa tundu. Pembeni nikatoboa la dharura, ambalo bomba lake halina vali kabisa.

Kabla ya kutoboa, hakikisha kioo si kile kilichokazwa kwa moto, maana hicho husambaratika chote. Weka skrini nyeupe ya kompyuta nyuma yake, vaa miwani ya jua ya polaroidi: ukiona mabaka meusi, acha. Kisha keekee ya almasi, maji muda wote, mwendo wa pole, bila kukandamiza.

Bomba la kurudishia sasa linapita juu ya kioo. Mdomo umezama sentimita 2, na chini kidogo ya uso wa maji lina kitundu cha kuingiza hewa, ambacho nakisafisha kila mwezi.

Siku ya majaribio nilimwita Mganda azime pampu mwenyewe. Alikuja na boksi lake mkononi. Tanki la chini lilipanda sentimita 4 na kidogo, likasimama. Akaniuliza kama anaweza kuliweka boksi chini. Nikamwambia bora aliweke juu ya kabati.